Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, majira ya baridi yafikapo, wacheza gofu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hubaki kwao. Huvaa nguo nzito, hutoka asubuhi hali pumzi zao zaonekana kama moshi, na hupiga mipira yao juu ya ardhi iliyokazwa na sakitu. Kundi la pili hutia fimbo zao mifukoni, hupanda ndege na kulifuata jua liliko: kusini mwa Hispania, Ureno, Dubai, Afrika Kusini, na siku hizi Unguja pia. Kila kundi lina neno la kulitupia jingine. Waliobaki huwaita waliosafiri watu wa anasa wasioweza kuvumilia. Waliosafiri huwaita waliobaki wakaidi wanaojitesa bila ya faida.

Yumkini mtu wa pwani akaona ugomvi huu haumhusu. Kwake theluji haianguki, na kipupwe chake ni upepo wa kusi unaopoza vipaji vya watu na kutikisa minazi. Lakini mtu huyo akisimama Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo ulio jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, atatambua kuwa ugomvi huo ulifika zamani mlangoni pake. Viwanja hivyo vilikuwa mahali pa michezo ya Waingereza katika siku za himaya yao, na gofu ilikuwa miongoni mwa michezo hiyo. Kwa hiyo swali la nani acheze wapi, na kwa gharama ya nani, si swali geni hapo. Ni swali la haki, na haki haina majira.

Ni vema kwanza kuupima uvumilivu wa yule abakiaye. Mchezo huu una mazoea ya kale na baridi. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, kama Hendrick Avercamp, waliwachora watu wakicheza mchezo wa ndugu yake gofu juu ya mito iliyoganda. Uskochi, nchi inayohesabiwa kuwa mama wa gofu, viwanja vyake vya kale vipo kando ya bahari penye upepo mkali, na watu wake hucheza katika mvua na baridi kama wengine wachezavyo katika jua. Mwenye kuwatazama hana budi kuwasifu. Subira ni pambo la mtu, na anayekipenda kitu wakati wa dhiki hudhihirisha kuwa hakukipenda kwa sababu ya raha peke yake.

Hata hivyo sifa ina mipaka yake. Majani yaliyoshikwa na sakitu, yakikanyagwa, hudhurika. Nyayo za mtu mmoja huonekana baadaye kama alama za moto, na huchukua muda mrefu kupona. Kwa sababu hii wasimamizi wengi wa viwanja huvifunga asubuhi za sakitu, au huwatengea wachezaji mahali pa muda pa kumalizia mchezo. Mtu atakayeingia kwa nguvu na kucheza, akijivunia kuwa yeye haogopi baridi, hatakuwa amevumilia chochote kwa ajili ya mwingine. Atakuwa ameitimiza haja yake na kuwaachia wenzake uharibifu. Hapa ndipo ionekanapo kuwa uvumilivu peke yake si wema. Mwizi naye huvumilia umande. Uvumilivu hupata thamani kwa kitu unachokitumikia, na kwa mtu anayeulipia.

Wazee wa Uskochi waliujua ukweli huu kwa namna yao. Mwaka 1457, katika enzi ya mfalme James wa Pili, bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza upinde uliohitajiwa kwa ulinzi wa nchi. Sheria hiyo haikudai kuwa mchezo ni mbaya katika asili yake. Ilidai kuwa mchezo umekaa mahali pa wajibu. Marufuku ilirudiwa zaidi ya mara moja, na baadaye ikafifia. Wafalme wenyewe wakashika fimbo. Lakini hoja iliyokuwa ndani yake haikufa: kila mchezo una kitu kinachouachia nafasi, nacho ni wakati, ardhi, maji au jasho la mtu, na ni haki kuuliza kama kitu hicho kimetolewa kwa ridhaa.

Sasa atazamwe yule msafiri. Wanaomlaumu kwa sababu tu ya kuyakimbia majira, lawama yao haiwezi kusimama mbele ya historia ya Unguja. Kisiwa hiki kililelewa na majira. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliletwa na kaskazi katika miezi ya mwisho na ya kwanza ya mwaka, na yakarejeshwa na kusi masika yakianza kupita. Wavuvi wa visiwani huenda dago: huhama kwao kwa msimu, wakapiga kambi pwani ya watu wengine kwa kufuata samaki. Wakati wa karafuu, watu wa Unguja walivuka bahari kwenda Pemba kuchuma. Na huko Oman, ambako leo wengi wa wasemao Kiswahili wana makazi yao, joto la kiangazi huwasukuma watu kwenda Salalah, mahali ambapo kati ya Juni na Septemba manyunyu hugeuza milima kuwa ya kijani. Kama kuhama kwa ajili ya hali ya hewa ni udhaifu, basi udhaifu huo ni wa wanadamu wote, na pwani hii ndiyo ingekuwa ya kwanza kuhukumiwa.

Atajibu mwenye kulaumu kwamba wale walisafiri kwa kazi, na huyu asafiri kwa kucheza. Jibu hili lina nguvu kidogo kuliko linavyodhaniwa. Mwanadamu hakuumbwa kwa kazi peke yake. Mchezo humpumzisha aliyechoka, humfundisha kutii kanuni asiyoitunga, na humzoeza kushindwa bila ya chuki. Ng'ambo yenyewe ni shahidi. Wakazi wake waliokuwa wachukuzi, mafundi, wapishi na makuli walikuwa pia wachezaji wa mpira na watu wa taarabu, wala hapana aliyeweza kusema kuwa michezo yao iliwapunguzia utu. Ikiwa mchezo ni haki ya kuli, haiwezi kuwa dhambi kwa daktari wa London aliyefanya kazi mwaka mzima.

Tofauti ya kweli baina ya mgeni wa jahazi na mgeni wa ndege ipo mahali pengine. Mgeni wa jahazi alilazimishwa na upepo kukaa. Kaskazi iliyomleta haikuweza kumrudisha. Alikuwa hana budi kungoja miezi mpaka kusi ivume. Katika miezi hiyo alinunua samaki sokoni, alisali msikitini, aliugua akauguzwa, aligombana akasuluhishwa, na mara nyingi alioa. Wengine hawakuwa wema. Miongoni mwa waliokuja na upepo walikuwamo wafanya biashara ya watumwa, na historia haifichi uovu wao. Lakini mwema na mwovu wote wawili walijulikana kwa sura, na matendo yao yalikuwa na mashahidi. Mgeni wa ndege hutoka kwenye theluji usiku na huwa kwenye mchanga asubuhi. Aweza kukaa siku saba, akacheza, akalipa, akaondoka, na asijue jina la mtu yeyote isipokuwa la hoteli yake. Hakufanya ubaya wowote unaoonekana. Lakini hakupata pia nafasi ya kuwa jirani, na mtu asiye jirani ni vigumu kwake kuona gharama ya raha yake inamwangukia nani.

Gharama hiyo ndiyo iliyoonekana wazi katika Mnazi Mmoja. Mji Mkongwe ulitengwa na Ng'ambo kwa hori la bahari, na jina lenyewe la Ng'ambo latokana na kuwa upande wa pili wa maji. Hori lilipozidi kufukiwa katika karne ya 20, ilitazamiwa kuwa pande mbili za mji zingekaribiana. Lakini kusini ya hori hilo palibaki uwazi mkubwa wa Mnazi Mmoja, na watawala waliupenda uwazi huo ubaki. Ulikuwa mahali pa gofu, kriketi na tenisi, na pia ulikuwa mpaka. Fikra za afya na mipango miji za zama hizo ziliona kheri kuweka nafasi baina ya nyumba za mawe na nyumba za udongo. Kwa hiyo majani yaliyokatwa vizuri yalifanya kazi mbili: yalimfurahisha aliyecheza juu yake, na yalimwambia aliyekaa upande wa Kikwajuni kuwa mji unakoma hapo.

Haifai kusema kuwa mchezaji mmoja mmoja alikusudia hivyo. Yumkini alikuwa karani aliyetoka ofisini saa kumi jioni, amechoka kwa joto, akiikumbuka nchi yake. Labda hakuwahi kumtukana mtu. Lakini utu wema wa mtu mmoja haufuti maana ya kiwanja alichosimama juu yake. Watu wa Ng'ambo walikuwa wakifikiri sana juu ya ardhi katika miaka hiyo. Mwaka 1928 wengi wao walikataa kulipa kodi ya viwanja ambavyo nyumba zao zilisimama. Kwa mtu aliyedaiwa kodi kwa ajili ya nafasi ya kitanda na jiko, uwanja mpana uliotengwa kwa ajili ya mpira mdogo na kishimo chenye upana usiotimia sentimita 11 ulikuwa ni somo ambalo halikuhitaji mwalimu.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba watu hao hawakuuchukia mchezo kwa kuwa umeletwa na wageni. Mpira wa miguu ulikuja kwa njia ile ile, nao waliupokea, wakaunda timu zao za mitaa, na wakaufanya kuwa wao hata leo hapana mtoto wa Kikwajuni anayeuona kuwa ni kitu cha kigeni. Sababu ni nyepesi. Mpira wa miguu ulihitaji kiwanja na mpira tu, nao ulimruhusu kuingia kila aliyekuwa na miguu. Gofu iliwataka wao wasimame pembeni, au wabebe mfuko wa mtu mwingine. Mchezo ni ule ule kwa kanuni zake, lakini anayeucheza na anayeubeba hawafundishwi kitu kimoja nao.

Himaya ilikwisha Desemba 1963, na mapinduzi yakafuata Januari 1964. Katika miaka hiyo ya 1960 Kikwajuni ilijengewa nyumba za ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na wakazi wake wakapata madirisha ya juu ya kuangalia viwanja ambavyo wazee wao waliviangalia kutoka barazani. Mnazi Mmoja ukawa mahali pa mpira wa watu wote. Lakini gofu haikutoweka Unguja milele. Katika karne hii imerudi pamoja na hoteli, na kaskazini magharibi ya kisiwa pana uwanja wa vishimo tisa uliotengenezwa kwa ajili ya wageni walioikimbia baridi. Swali la zamani limerudi nalo, safari hii bila ya bendera ya mtawala juu yake. Leo mwenyeji ndiye aliyemwalika mgeni. Je, mwaliko huo umeondoa lawama?

Umeondoa sehemu yake. Anayeitwa si sawa na anayejiingiza. Utalii ni nguzo kubwa ya uchumi wa Zanzibar. Mwaka 2023 wageni waliozuru visiwa walizidi 600,000, na nyuma ya kila mgeni pana mpishi, dereva, mvuvi, mkulima wa mboga na mtoza kodi. Mtu aliye na ajira kwa sababu ya uwanja hawezi kuambiwa na mtu aliyeshiba kuwa uwanja huo ni aibu. Tena, elimu ya majani imeendelea, na zipo aina zinazostahimili maji yenye chumvi, zisizoshindana sana na mtungi wa mwenyeji. Haya ni mambo ya haki kutajwa, na mwenye kuyaficha hatafuti ukweli.

Lakini sehemu ya lawama imebaki. Unguja ni kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 1,600, na sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wakazi wake wamepita milioni moja na laki tatu. Hakina mto mkubwa. Maji yake ya kunywa hutoka ardhini, kwenye chemchemi, mapango na visima, na ardhi hiyo hutegemea mvua za masika na vuli. Uwanja kamili wa gofu wenye vishimo 18 huweza kuchukua zaidi ya ekari 100, na huhitaji maji khasa katika kiangazi, yaani wakati ule ule ambao wageni ni wengi na ndoo za akina mama husubiri zamu. Pana pia jambo ambalo wasafiri wa jahazi hawakulijua. Moshi wa ndege ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza joto la dunia na kuinua bahari, na tayari baadhi ya mashamba ya mpunga ya Pemba yameingiwa na maji ya chumvi. Msafiri mmoja ni tone dogo katika habari hiyo. Hata hivyo si haki kwamba aikimbiaye baridi yake amwongezee joto yule anayempa kivuli.

Hivyo basi mwenyeji naye ana sehemu yake katika hesabu hii, wala hawezi kujiweka kando kama shahidi tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yasomwa mara nyingi kama ukarimu peke yake, lakini ndani yake mna sharti: kuja kwa mgeni kupimwe kwa kupona kwa mwenyeji. Mwenyeji anayeuza kisima ili apate fedha za kununulia maji hakupona. Anayemfungia mtoto wake njia ya kwenda pwani, iliyokuwa wazi kwa babu yake, ili mgeni asisumbuliwe, hakupona pia, hata kama mshahara wake umeongezeka. Naye anayemchukia kila mgeni kwa sababu ya makosa ya zamani hujidhulumu nafsi yake, kwani hulipa deni kwa mtu asiyemdai. Ukarimu wenye hekima husema ndiyo na hujua pia kusema hapana.

Itaulizwa: kijana wa Kikwajuni afanye nini na mchezo huu? Kenya na Uganda zatoa mfano. Huko wengi wa wachezaji hodari walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Walijifunza kwa macho, wakajaribu kwa fimbo za kuazima, na wakawashinda waliowabebea. Mfano huu ni wa kutia moyo, lakini usitumiwe kufunika jambo. Wachache waliopenya hawathibitishi kuwa mlango ulikuwa wazi. Huthibitisha kuwa wao walikuwa na nguvu za kuusukuma. Haki ya mchezo ni kwamba kijana aweze kuingia kabla ya kuwa bingwa, acheze vibaya, acheke, arudi kesho. Kama kiwanja kimetengenezwa juu ya ardhi ya nchi yake, siku moja ya juma ya watoto wa skuli haitamfukarisha mwenye hoteli, wala haitamuudhi mgeni mwenye akili. Kinyume chake, itamrudishia mgeni huyo kile alichokipoteza alipoacha jahazi, yaani kujuana na watu.

Ugomvi wa makundi mawili yaliyotajwa mwanzoni waonekana sasa kuwa uliulizwa vibaya. Wao walishindana juu ya baridi na joto, juu ya subira na anasa. Lakini aliyebaki kwao aweza kuwa mchoyo akikanyaga majani yenye sakitu, na aliyesafiri aweza kuwa mwema akicheza mahali ambapo uchezaji wake haumnyimi mtu maji, njia wala heshima. Cha kupimwa ni mzigo. Kila raha ina mzigo wake, na mchezo ni halali kwa mtu kadiri anavyoubeba mzigo huo mwenyewe, au anavyomlipa kwa haki na kwa ridhaa anayemsaidia kuubeba. Akiubwaga juu ya mtu asiyeulizwa, jina la mchezo labaki lakini kitu chenyewe kimegeuka kuwa dhuluma.

Husemwa pwani kuwa mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ya kawaida ni kwamba mtu hupata tunzo akionyesha ufundi wake mbele ya watu wake. Lakini methali haikusema kuwa kwao mtu ni mahali alipozaliwa tu. Wengi walioletwa Unguja na kaskazi walizikwa Unguja, na wajukuu wao hawana kwao kwingine. Waliupata u-kwao huo kwa kushiriki shida za mahali, si kwa kulipia raha zake. Mlango huo haujafungwa hata leo. Msafiri anayeyakimbia majira ya kwao, na akataka kucheza katika jua la watu wengine, na aulize kisima kiko wapi, njia ya pwani yapita wapi, na watoto wa jirani huchezea wapi. Akipata majibu yasiyomtia haya, na acheze. Watu wa mahali hapo watamtunza. Asipopata, ni heri kwake sakitu ya kwao, ambayo angalau yamuumiza yeye mwenyewe.